Je, Wajua? Jua, Vitamini D na Tezi ya Shingo

Je, wajua kuwa vitamini D kwa tabia yake ni homoni zaidi kuliko vitamini? Vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea vya kutosha, sharti ukile. Hii ngozi yako huipika yenyewe kutokana na mafuta ya jamii ya kolesteroli, ikipigwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno aina ya B. Ikitoka ngozini hupita kwenye ini, ikabadilishwa, kisha kwenye figo, ikabadilishwa tena, na hapo ndipo inapoanza kazi.

Je, wajua herufi D ilitoka wapi? A, B na C zilikuwa zimekwisha chukuliwa. Mwaka 1922 Elmer McCollum, mtafiti wa Marekani, akaipa herufi iliyofuata. Miaka michache kabla ya hapo Edward Mellanby wa Uingereza alikuwa amewafungia mbwa ndani na kuwalisha uji wa shayiri mpaka wakapata matege, kisha akaonyesha kuwa mafuta ya ini la samaki yanayazuia. Na huko Berlin, mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye matege kwa taa ya urujuanimno.

Mifupa, basi, ndiyo kazi ya vitamini D isiyo na ubishi. Habari ya vitamini D na tezi ya shingo imekuja baadaye sana, na siku hizi inauzwa kwa maneno makubwa kuliko ushahidi wake. Nimeona watu wakiacha dawa waliyoandikiwa kwa sababu ya maneno hayo, na ndiyo maana safu ya leo yote ni yake.

Je, wajua tezi yenyewe iko wapi? Chini ya koo, mbele, imelikumbatia bomba la hewa kwa umbo la kipepeo. Uzito wake ni kama gramu 20. Homoni zake ndizo zinazopanga mwendo wa moyo, joto la mwili, choo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Zikipungua, mtu anachoka, anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea, ngozi inakauka, uzito unapanda, choo kinakuwa kigumu. Zikizidi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamwagika, na mwili unakonda ingawa mtu anakula.

Je, wajua kuwa rovu si ugonjwa mmoja? Uvimbe wa shingo unaweza kutokana na ukosefu wa madini joto, na huo ndio uliowasumbua sana watu wa milimani. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti waligundua jambo jingine: sehemu zote za kisiwa zilikosa madini joto, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini kuliko kusini magharibi. Kilichoongeza mzigo kilikuwa muhogo usioandaliwa vizuri, ambao sumu yake inaizuia tezi kunyonya hata madini kidogo yaliyopo. Aina tunayoizungumzia leo ni nyingine kabisa. Hapa tezi inashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe.

Wa kwanza kuieleza alikuwa daktari kijana wa Kijapani, Hakaru Hashimoto. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 31 hivi, aliandika katika jarida la Kijerumani juu ya wanawake 4 aliowachunguza tezi zao baada ya kupasuliwa. Aliona tezi zimejaa chembe nyeupe za damu, zimejipanga kama zilivyo ndani ya mitoki. Makala yake haikuwashtua wengi. Baadaye alirudi kijijini kwao, akawatibu watu wa huko kama walivyofanya wazee wake, na mwaka 1934 homa ya matumbo ikamchukua.

Ilipita miaka 22 baada ya kifo chake ndipo ikajulikana zile chembe zilikuwa zinafanya nini. Mwaka 1956, jijini London, Ivan Roitt na Deborah Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto kingamwili zilizoelekezwa kwenye tezi yao wenyewe. Mwaka huohuo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwa sungura kuwa kinga inaweza kweli kuugeukia mwili wake. Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliamini jambo hilo haliwezekani.

Na upande wa pili wa ugonjwa, ule wa homoni kuzidi? Huo una jina la Robert Graves wa Dublin, aliyeuandika mwaka 1835. Ujerumani wanampa heshima hiyo Karl von Basedow, aliyeuandika mwaka 1840. Katika ugonjwa wa Graves kingamwili haziibomoi tezi. Zinaichochea usiku na mchana, nayo inamwaga homoni bila breki. Macho ya baadhi ya wagonjwa hutokeza nje.

Je, wajua kuwa Rais George H. W. Bush wa Marekani aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Graves mwaka 1991, na mkewe Barbara alikuwa ameshagunduliwa nao kabla yake? Mbwa wao Millie naye alikuwa na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia. Maji ya nyumba walizoishi yakapimwa, hakikupatikana kitu. Huwa nalikumbuka tukio hili kila mtu anaponiambia amepata sababu moja iliyo wazi ya magonjwa haya. Urithi wa damu umo, jinsia imo (wanawake huugua mara nyingi kuliko wanaume), madini joto yakizidi yamo, uvutaji wa sigara umo kwa wale wa Graves.

Sasa vitamini D inaingiaje? Je, wajua kuwa askari wa kinga, chembe nyeupe za damu, wana mlango maalumu wa kuipokea homoni hii? Na baadhi yao wana uwezo wa kuikamilisha wenyewe bila kungoja figo. Ikiingia, huwatuliza askari wakali na kuwapa nguvu wale ambao kazi yao ni kuwazuia wenzao. Katika maabara jambo hili linaonekana vizuri. Tena wagonjwa wengi wa Hashimoto wakipimwa hukutwa na vitamini D ndogo kuliko watu wazima wa afya. Ukiviweka viwili hivi pamoja, wazo linajileta lenyewe: waongezee vitamini D, tezi ipone.

Subiri kidogo. Mtu aliyechoka hatoki nje. Mtu mwenye uvimbe wa ndani kwa ndani, kipimo chake cha vitamini D hushuka. Mtu mnene pia, kwa kuwa vitamini hii hupotelea kwenye mafuta. Kwa hiyo yawezekana ugonjwa ndio ulioshusha vitamini, badala ya upungufu wa vitamini kuleta ugonjwa. Njia ya kukata shauri ni moja: wape watu wengi, nusu vitamini, nusu kidonge kisicho na kitu, na asijue mtu amepewa kipi.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika Marekani, likaitwa VITAL. Watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia 55, na mtu mmoja kati ya watano wao alikuwa mweusi. Waliopangiwa vitamini D walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa miaka zaidi ya 5. Matokeo ya magonjwa ya kinga kujishambulia yalitoka Januari 2022: walioupata ugonjwa wowote wa aina hiyo walikuwa 123 upande wa vitamini na 155 upande wa kidonge kitupu. Pungufu ya asilimia 22.

Vichwa vya habari vilishangilia asilimia 22. Mimi naomba uitazame pia ile tofauti ya watu 32 ndani ya watu karibu 26,000. Ni habari njema, na ni ndogo. Hesabu hiyo imechanganya baridi yabisi, magonjwa ya ngozi, tezi na mengine yote. Waliougua tezi peke yake hawatoshi kutoa hukumu. Tena swali lilikuwa ni kukinga wasiougua. Aliyekwisha ugua hakuulizwa.

Je, wajua kilichotokea jaribio lilipokwisha? Watafiti waliwafuatilia watu walewale kwa miaka 2 zaidi baada ya vidonge kusimamishwa. Ile faida ya vitamini D ikayeyuka. Makundi mawili yakawa sawasawa.

Kwa wagonjwa wa Graves jibu ni gumu zaidi, na wanastahili kuambiwa waziwazi. Huko Denmark wagonjwa wapya walipewa maikrogramu 70 za vitamini D kila siku, sawa na yuniti 2,800, pamoja na dawa zao za kutuliza tezi, ili kuona kama ugonjwa utarudi kwa wachache zaidi. Haukupungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023.

Na Hashimoto? Hapa kuna majaribio mengi madogo, ya miezi mitatu, sita, mara chache mwaka. Ukiyajumlisha, kingamwili za TPO, zile zinazoelekezwa kwenye tezi, hushuka kwa baadhi ya waliopewa vitamini D, hasa wakiitumia zaidi ya miezi mitatu. Lakini majaribio yenyewe hayafanani kwa dozi wala kwa watu, na kushuka kwa namba ya kingamwili si lazima kumfanye mgonjwa ajisikie nafuu au apunguze kidonge cha homoni. Tezi iliyokwisha kubomolewa haijengwi upya na vitamini D. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu najua ni wangapi wanatamani lisingekuwa kweli.

Basi kuna haja gani ya kuijali? Ipo. Aliye na upungufu ana haki ya kutibiwa upungufu wake, awe na ugonjwa wa tezi au asiwe nao. Mifupa yake inaidai, na ya mgonjwa wa Graves inadai zaidi, maana homoni ya tezi ikizidi huila mifupa.

Je, wajua kuwa kimoja kati ya vipimo maarufu duniani vya vitamini D kimetoka Tanzania? Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 waliokuwa wakiishi kwa desturi zao, nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wapo wanaoitumia namba hiyo kusema kila binadamu aifikie kwa vidonge. Mimi naona imetuonyesha maisha ya nje yanaleta nini katika ngozi nyeusi. Haikutuambia kuwa kidonge kitaleta afya ileile.

Kumbe basi mtu wa Ikweta hawezi kupungukiwa? Anaweza. Anaondoka nyumbani alfajiri, anakaa ofisini au kiwandani, anarudi jua limezama. Kioo cha dirisha huzuia ile miale aina ya B, kwa hiyo kuota jua ndani ya gari au nyuma ya dirisha hakukupi vitamini D, hata uungue joto namna gani. Wanawake wa Oman na nchi za Ghuba wanaishi chini ya jua kali, na upungufu umeenea sana kwao, kwa sababu ya mavazi ya kujisitiri na maisha ya ndani penye kiyoyozi. Ngozi nyeusi nayo ina kivuli chake cha asili: melanini inayotukinga na kuungua ndiyo inayofanya tuhitaji muda mrefu zaidi juani.

Je, wajua kuwa lile jua la asubuhi tunalosifiwa tangu tukiwa wachanga lina vitamini D kidogo mno? Saa moja asubuhi jua liko chini, miale inakata hewa kwa mshazari, na ile ya aina ya B karibu yote inanaswa njiani. Mama anayemtoa mtoto nje saa moja anampa joto, hewa na mapenzi, na hayo ni mengi. Vitamini D huanza kuja jua likipanda. Kipimo chake unacho miguuni: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapika kidogo; kikiwa kifupi kuliko wewe, inapika vizuri. Mtoto mchanga, hata hivyo, asianikwe kwenye jua la mchana. Akihitaji vitamini D, kliniki humpa matone. Na watu wenye ualbino wasiliote jua kwa ajili hii hata kidogo. Ngozi yao hutosheka na mwanga mdogo sana, na hatari yao ya saratani ya ngozi ni kubwa.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana hesabu nyingine. Kuanzia majira ya vuli hadi machipuko jua la huko haliwezi kupika vitamini D ya kutosha. Tangu mwaka 2016 serikali imemshauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku miezi hiyo, na wenye asili ya Afrika na Asia Kusini wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Chakula husaidia kidogo: dagaa, vibua, jodari, kiini cha yai, maini. Uyoga uliokatwa na kuanikwa juani hutengeneza vitamini D yake, kama ngozi yetu.

Ukipima, angalia kizio. Kuna maabara inayoandika nanogramu kwa mililita na nyingine nanomoli kwa lita, na ya pili ni mara mbili na nusu ya ya kwanza. Jibu la 50 katika maabara moja ni 20 katika nyingine, na mtu ni yuleyule. Kwenye kichupa nako, maikrogramu 1 ni yuniti 40. Je, wajua kuwa mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kiliacha kuitambua ile alama yake ya nanogramu 30 iliyowafanya mamilioni waambiwe wamepungukiwa? Sasa kinashauri mtu mzima mwenye afya asipimwe kwa mazoea tu. Kimebakiza nyongeza kwa watoto, wajawazito, wenye miaka 75 na zaidi, na walio ukingoni mwa kisukari.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Vidonge vingi vya vitamini D dukani vimechanganywa na kalsiamu. Kalsiamu ikikutana tumboni na levothairoksini, ile homoni anayomeza mgonjwa wa Hashimoto, inaikamata na kuizuia isiingie kwenye damu. Kwa hiyo mama wa watu anaanza vitamini D ili tezi yake ipate nafuu, anavimeza vyote pamoja asubuhi kwa utaratibu mzuri, na baada ya miezi miwili kipimo cha tezi kiitwacho TSH kimepanda, uchovu umerudi, dozi inaongezwa. Dawa yake ilikuwa sawa. Ilikosa tu nafasi.

Nafasi yenyewe ni hii: levothairoksini kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine. Chai ya maziwa isubiri. Kahawa isubiri. Kalsiamu, na vidonge vya kuongeza damu ambavyo vina madini ya chuma, visubiri kwa muda wa saa 4. Vitamini D isiyo na kalsiamu haina ugomvi huo, na yenyewe hupenda kuliwa na mlo wenye mafuta kidogo.

Anayefunga Ramadhani, je? Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikiwa bado ipo baada ya siku 7 hivi, ndiyo maana humezwa mara moja kwa siku. Anaweza kuimeza usiku kabla ya kulala, saa 3 tangu alipokula mara ya mwisho, au akaamka mapema nusu saa kabla ya daku. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuimeza usiku kunafaa, na vipimo vya damu vilikuwa vizuri zaidi kuliko kwa kuimeza asubuhi. Kubaliana na daktari wako kabla ya mwezi kuandama.

Je, wajua kuwa vidonge vya nywele na kucha vinaweza kukupa ugonjwa wa Graves kwenye karatasi tu? Vingi vina biotini nyingi, nayo huvuruga mashine za baadhi ya maabara: TSH inasomeka chini, homoni zinasomeka juu, na wewe ni mzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Viache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na umwambie anayekupima.

Zaidi si bora. Vitamini D haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Hujilimbikiza kwenye mafuta. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda katika damu: kiu, mkojo wa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, mawe kwenye figo. Mpaka wa juu kwa mtu mzima asiyesimamiwa na daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Australia waliwapa akina bibi wa miaka 70 na zaidi dozi moja ya yuniti 500,000 kwa mwaka, wakitegemea kuwakinga. Wakaanguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Hiyo ilichapishwa mwaka 2010. Mgonjwa wa Graves ambaye bado hajatulizwa, kalsiamu yake huweza kuwa juu tayari, na mwenye kifua kikuu chembe zake za kinga huweza kuikamilisha vitamini D bila kiasi. Hawa wawili wasijianzishie dozi kubwa.

La mwisho ni kwa mwanamke mwenye Hashimoto anayetaka mtoto. Mimba ikiingia, mahitaji ya levothairoksini hupanda mapema, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi, na wiki za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama. Hapohapo kliniki inampa vidonge vya kuongeza damu, pengine na kalsiamu, vyote viwili vikizuia dawa yake. Akikosa siku zake na kipimo kikasema ndiyo, asisubiri mwezi wa tatu ndipo aanze kliniki. Aende wiki hiyohiyo, aseme neno moja mlangoni: nina tezi.